Kuzuru Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu Doha na Aila: Taratibu Zake na Hukumu Zake



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Tumeletewa suala na mama mmoja wa Pemba. Yeye, mumewe na watoto wao watatu wamejaaliwa kwenda Umra, na wakirudi watapitia Doha, ambako watasubiri ndege ya kuja Unguja kwa muda wa saa 10. Binti yao mkubwa, ambaye yuko skuli ya sekondari, amesoma kuwa pale Doha pana makumbusho ya sanaa ya Kiislamu, na tangu hapo hana salama: anataka kwenda. Baba mtu amekataa. Amesema hawezi kutoka Makka, baada ya kutufu Nyumba ya Allah, halafu akenda moja kwa moja kwenye nyumba ya masanamu. Mama anauliza: je, kuna ubaya gani kuingia? Na kama inafaa, kwendwaje, kuna masharti gani mlangoni, na sala itakuwaje?

Suala hili si la aila moja. Watu wetu wengi sasa wanapita Doha, wakienda Umra na Hijja, wakienda kusoma, wakienda kuwatembelea jamaa Ghuba na Ulaya. Kwa hivyo tumeona tujibu kwa urefu, na tuchanganye mambo mawili ambayo kawaida huandikwa mbalimbali: taratibu za mahali penyewe na hukumu za dini.

Mahali penyewe

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 2008, kwenye ufukwe wa mji wa Doha. Yamejengwa juu ya kisiwa kidogo kilichofanywa kwa kujaza bahari, karibu na nchi kavu, na mtu huingia kwa kupita juu ya daraja. Aliyeyachora ni I. M. Pei, Mmarekani aliyezaliwa China, na wakati yanafunguliwa alikuwa amepindukia miaka 90. Yeye hakuwa Muislamu. Alipopewa kazi hii alisema moyoni mwake kuwa hajui kitu, akasoma sira ya Mtume (s.a.w.), kisha akasafiri nchi za Waislamu kutafuta asili ya ujenzi wao. Alikwenda Cordoba, alikwenda India, alikwenda Tunisia. Alichokuwa akikitafuta alikuja kukikuta Misri, katika msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo: kijumba cha kutawadhia kilichoko katikati ya ua, chenye umbo la mraba chini, kisha pembe nane, kisha kuba juu. Jengo zima la Doha limetoka kwenye kijumba kile cha udhu. Msomaji akipata nafasi ya kusimama nje akalitazama, aitazame ile mipando ya mawe jinsi inavyogeuka kutoka mraba kuwa pembe nane, basi atakuwa ameona jambo ambalo wengi hupita wasilione.

Tunalitaja hili kwa makusudi. Mzee wa miaka mingi, asiye wa dini yetu, alifunga safari kujifunza kabla ya kuweka jiwe. Sisi tunapita pale tukiwa na saa 10 na tunazimaliza kwenye viti vya uwanja wa ndege.

Ndani kuna ghorofa tano, ukumbi mkubwa wa katikati na dirisha la kioo refu kupita kiasi linalotazama bahari. Mwaka 2022 makumbusho yalifunguliwa upya baada ya matengenezo, na vyumba vya maonyesho ya kudumu sasa ni 18. Vitu vyake vimetoka Spain mpaka visiwa vya Indonesia, na vimeenea karne zaidi ya kumi: kurasa za misahafu, vyombo vya udongo na kioo, mazulia, mbao, silaha, vito, na zile ala za shaba za kupimia nyota ziitwazo asturlabu, ambazo wazee walizitumia kujua nyakati za sala na uelekeo wa kibla.

Kutoka uwanjani mpaka mlangoni

Kwanza hisabu ya saa. Mwenye kusubiri chini ya saa sita, shauri letu asitoke. Kuna kupita uhamiaji, kuna njia ya kwenda na kurudi, kuna ukaguzi wa kurudi, na inapasa uwe umesharejea uwanjani saa mbili na nusu au tatu kabla ya ndege. Mwenye saa nane au zaidi ana nafasi. Suala la viza liulizwe kwa wakala wa tiketi kabla ya kuondoka nyumbani, kwani masharti yake hutegemea pasi ya mtu na hubadilika. Tumeona watu wakibishana na afisa wa uhamiaji saa kumi za alfajiri huku watoto wamelala sakafuni, na yote hayo yangeliepukwa kwa simu moja.

Ipo treni ya metro inayotoka uwanja wa ndege wa Hamad. Panda ya Mstari Mwekundu mpaka kituo cha Msheireb, hapo badilisha uingie Mstari wa Dhahabu, ushuke Souq Waqif au kituo cha Makumbusho ya Taifa kinachofuata. Nauli ni riyal 2 kwa safari moja, na tiketi ya siku nzima ni riyal 6. Kuna mabehewa yaliyotengwa kwa ajili ya aila, na kina mama watayapenda. Kutoka Souq Waqif mtu hutembea kwa miguu kando ya bahari mpaka makumbusho, kama robo saa au zaidi kidogo kwa mwendo wa watoto. Lakini hayo ni ya miezi ya baridi. Kuanzia Juni mpaka Septemba jua la Doha halina mchezo, joto hupindukia nyuzi 40, na kumtembeza mtoto adhuhuri kwenye lami ile ni kumdhulumu. Kodisheni teksi.

Mizigo mikubwa iacheni uwanjani. Iko huduma ya kuhifadhia. Hili ni muhimu kwa wanaotoka Umra, kwani tunajijua: mifuko ya tende, misala, na kidumu cha Zamzam ambacho hatutaki kiondoke mkononi. Hakuna atakayekuruhusu kuingia nacho kwenye vyumba vya maonyesho, na mlinzi anayekuzuia haidharau Zamzam.

Kiingilio kwa mgeni mtu mzima ni riyal 50, ambazo ni kama dola 14, na watoto walio chini ya miaka 16 huingia bure. Bei na saa za kufungua hubadilika, na zaidi katika Ramadhani, kwa hivyo zitazameni kwenye tovuti ya makumbusho siku moja kabla. Ijumaa asubuhi msende. Mlango hufunguliwa mchana baada ya watu kutoka msikitini. Ikiwa Ijumaa imekukutieni Doha, salini Ijumaa kwanza ijapokuwa msafiri haimpasi, kisha ndio mwende.

Wapo waliotuuliza kama inafaa kulipa pesa ili kuona ukurasa wa Msahafu. Pesa ile ni ujira wa jengo, walinzi na matunzo, na hayupo anayekuuzia aya. Hakuna ubaya.

Masharti ya ndani na sababu zake

Masharti yenyewe si mengi. Mavazi ya sitara, mabega na magoti yafunikwe, jambo ambalo kwa watu wetu halina haja ya kuelezwa. Usiguse kitu. Usile, usinywe, usitafune ubani wa dukani. Mikoba mikubwa iachwe mapokezi. Picha zinaruhusiwa kwa matumizi yako mwenyewe katika maonyesho ya kudumu, lakini bila ya flashi, bila ya vigingi vya kamera wala ile fimbo ya kujipigia picha. Katika maonyesho ya muda huwekwa alama pale pasiporuhusiwa. Watoto wawe na mkubwa wao. Kigari cha mtoto kinaingia, lifti zipo, na mzee asiyeweza kusimama sana aombe kiti cha magurudumu mapokezi asione haya.

Tunataka tukae kidogo kwenye sababu, kwani mtoto wa leo ukimwambia usiguse bila ya kumwambia kwa nini, atangoja ugeuke.

Vyumba vyenyewe vina kiza, na wengi huingia wakadhani umeme umekatika. Kiza kile ni dawa. Karatasi, ngozi, hariri na rangi za mimea huliwa na mwanga. Kila miale inayopiga juu ya wino wa kale huondoa kidogo, na kilichoondoka hakirudi tena, hata kitu kikifungiwa sandukuni miaka mia. Ndiyo maana wahifadhi duniani hukiwekea kitu cha karatasi au kitambaa mwanga wa lux 50 tu, ambao ni mwanga mdogo. Basi mtu akifyatua flashi, na wa nyuma yake naye akafyatua, na kila siku wapite mamia, wanausogeza ule ukurasa kwenye mwisho wake. Mkono nao una mafuta na chumvi hata ukiwa safi. Shaba huingia kutu palipoguswa, na jiwe huwa jeusi. Makombo ya biskuti huita mende na wadudu, na mdudu akishaingia kwenye jengo lenye mazulia ya karne ya 15 hawezi kuambiwa atoke.

Sisi wenyewe tuliwahi kufunzwa adabu pale. Tulikuwa na wenzetu walimu, tukipita njia, na kwa furaha ya kuona ukurasa wa khati ya Kufi tukawa tunawaonesha neno moja moja, huku tukigonga kioo kwa ufunguo tulioushika mkononi. Alikuja mlinzi, kijana mdogo, akatuwekea mkono wake chini ya mkono wetu, akaushusha polepole, akatabasamu, akaondoka bila ya kusema neno. Tuliona haya ambayo hatujawahi kuyaona hata tulipokuwa wanafunzi chuoni. Kioo kile kinagongwa mara ngapi kwa siku? Na ndani yake mna kitu kilichoandikwa kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa.

Suratun Nur imetufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe. Aliyepewa idhini kwa masharti, basi masharti yale ni ahadi aliyoikubali alipokata tiketi, na Muislamu ni mwenye kutimiza sharti alilolikubali maadamu halimuingizi kwenye maasi. Kwa hiyo mtu anayejificha nyuma ya nguzo ili apige flashi asijidanganye kuwa amekosea sheria za watu tu. Na katika picha kuna jambo jengine: msipige picha zikawakamata wanawake wa watu bila ya ridhaa yao. Ukumbi ule ni mzuri, na kila mtu anataka dirisha na bahari viwe nyuma yake, lakini dada aliyesimama pale na aila yake hakuja kuwa pambo la simu yako.

Suala la masanamu

Sasa tufike kwenye hoja ya baba. Hatutaki kuifanya nyepesi, kwani ameisimamisha juu ya kitu. Hadithi zinazokataza kuchora na kuchonga viumbe vyenye roho ni sahihi na zinajulikana, na hadithi kuwa Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha za namna hiyo imo katika vitabu viwili sahihi. Mashekhe wetu wa Kishafi wameyajadili hayo katika mlango wa walima: mtu amealikwa karamu, akakuta picha za viumbe ukutani, afanye nini? Wapo waliosema kuingia ni haramu, na wapo waliosema ni makuruhu. Wakatofautisha pia kati ya picha iliyotundikwa kwa utukufu na ile iliyoko kwenye zulia inayokanyagwa au mto unaokaliwa, na msingi wao ni kisa cha Bibi Aisha (r.a.) na lile pazia alilolikata likawa mito.

Na mtu anaweza kutuambia kwamba makumbusho ndiyo utukufu wenyewe: kitu kimewekwa juu, kimeangaziwa taa, kimetiwa kioo. Hoja hii ina nguvu na hatuikwepi. Ndani ya makumbusho yale kweli vimo vitu vya aina hiyo. Kipo kitu mashuhuri cha shaba, umbo la paa, kilichofanyika Cordoba katika karne ya 10, ambacho kilikuwa mdomo wa chemchemi kwenye bustani za kasri ya Madinat al-Zahra. Maji yalikuwa yakimtoka mdomoni. Zimo kurasa za vitabu vya Kifursi vyenye picha za wafalme na wawindaji.

Pamoja na hayo tunasema hivi. Kwanza, mwenye kutenda kosa la kuchonga ni mchongaji, na anayepita kutazama kwa ajili ya kujua historia hawi sawa naye, wala sawa na anayetundika nyumbani kwake. Al-Tabari na wanahistoria wengine wamesimulia kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipoingia kasri ya Kisra huko Madain alisali humo, na yale masanamu ya chokaa ya watu na farasi yaliachwa palepale. Hii ni habari ya kihistoria, na hatuifanyi dalili peke yake, lakini inaonesha kuwa masahaba waliingia mahala pa namna hiyo kwa haja. Pili, wengi katika wanavyuoni wa zama zetu wameruhusu kuzuru makumbusho kwa ajili ya elimu na mazingatio, pasi na kuvitukuza vitu vile. Tatu, na hili ndilo tunaloliona zito zaidi kwa wazazi, makumbusho haya yanafundisha jambo ambalo maneno matupu hayalifundishi.

Mchukue binti yako umuulize, mbele ya kila kitu: hiki kilikuwa wapi, na kilifanya kazi gani? Akishajibu hivyo kwa vitu 20, ataona mwenyewe kwamba vilivyotoka msikitini, mihrabu, taa, vigae, rehali, na misahafu yote bila ya kubakisha hata mmoja, havina umbo la kiumbe chenye roho. Vina maandishi, majani na nyota za mistari. Vyenye wanyama na watu vimetoka kwenye kasri, jikoni, bustanini na kwenye vitabu vya hadithi za wafalme. Yaani Waislamu wa Cordoba, Herat na Delhi, pamoja na mapungufu yao majumbani, mpaka wa msikiti waliulinda kwa zaidi ya miaka elfu. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatoyumba akiambiwa na watu kwamba Uislamu uliua sanaa, wala hatoyumba akiambiwa kuwa Waislamu wa zamani hawakujali kabisa jambo la picha.

Baba ambaye moyo wake bado haujatulia, wara' wake tunauheshimu na asifanyiwe mzaha ndani ya nyumba yake. Ipo njia ya kati. Sehemu kubwa ya vilivyomo haina taswira: misahafu, vyombo vya udongo, mazulia mengi, kioo, ala za nyota, na chumba kizima cha mbao kilichotoka Damascus. Aila inaweza kujipangia vyumba vya kuingia na vya kupita. Mwenye kuona paa wa shaba anamtia tashwishi, asende kwa paa.

Tulichokitazama kwa muda mrefu zaidi

Safari yetu ya kwanza tulikimbia ghorofa zote kwa saa moja, na tulipofika uwanjani hatukukumbuka kitu ila ukurasa mmoja. Kwa hivyo ushauri wetu ni kuchagua vyumba vitatu au vinne na kukaa. Kwa mtu wa Unguja na Pemba tungependekeza aanze na khati ya Kufi. Sababu ni kuwa Kufi tunayo kwetu. Kwenye mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani kuna maandishi ya Kufi yaliyochongwa kwenye jiwe, yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Wangapi katika sisi tumesali pale tukayatazama? Mtoto akiyaona ya Kizimkazi kwanza, kisha akasimama Doha mbele ya ukurasa wa karne zile, atajua kwamba kisiwa chake hakikuwa pembeni ya dunia. Hali kadhalika vyombo vya udongo vya zama za Bani Abbas: vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba wakati huo vimefukuliwa Unguja Ukuu. Vilikuja kwa majahazi, kwa pepo zilezile za kaskazi.

Katika kurasa za misahafu mtakutana na jambo litakalokuumizeni kama lilivyotuumiza. Nyingi ziko moja moja. Ule msahafu mashuhuri wa karatasi za buluu zilizoandikwa kwa dhahabu, kurasa zake zimetawanyika katika makumbusho na mikono ya watu duniani kote. Misahafu ya kale mingi ilichanwa na wafanyabiashara karne iliyopita kwa sababu kurasa 100 zikiuzwa mbalimbali huleta pesa kuliko kitabu kimoja, na baadhi yake ilikuwa na alama ya wakfu. Mwenye kutazama hana dhambi ya aliyechana, na kheri ukurasa uwe penye matunzo kuliko uoze. Lakini mkirudi nyumbani tazameni juu ya kabati za mabibi zenu. Katika visiwa hivi bado wamo watu wenye misahafu na vitabu vya mkono vya wazee wao, na wageni wenye pesa wanajua. Usichane, usiuze ukurasa. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi kabisa. Kama hamuwezi kukitunza, Nyaraka za Taifa pale Kilimani wanahifadhi maandiko ya Kiarabu, na kwendeni mkawaulize.

Udhu, sala na mengineyo

Kurasa zote ziko nyuma ya vioo, kwa hivyo suala la kugusa Msahafu bila ya udhu haliingii. Mwanamke aliye katika siku zake anaingia bila ya tatizo, kwani mahali pale si msikiti. Asiingie tu chumba cha sala kama kimefanywa msikiti wa wakfu, na akiwa na shaka akae nje yake.

Ndani ya jengo kuna vyumba vya sala, vya wanaume na vya wanawake, na pa kutawadhia. Msisali kwenye vyumba vya maonyesho. Imam Bukhari ametaja kwamba Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akisali kanisani isipokuwa lile lenye masanamu, basi pakiwepo chumba kilichotengwa, kwa nini mtu akasimame mbele ya picha ya mfalme?

Saa za Doha ni sawasawa na zetu, lakini nyakati za sala hazifanani, na hapa wengi wetu huteleza. Sisi tumekaa karibu na ikweta, magharibi yetu haisogei sana mwaka mzima. Doha mwezi wa Disemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na alasiri huingia kama saa nane na nusu mchana. Mtu anayengoja alasiri ya Unguja atajikuta amebakiwa na wakati mdogo. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza, na lililo jepesi kwa aila yenye watoto ni kusali adhuhuri na alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, ama kabla ya kuanza kutembea ama palepale makumbusho. Na kibla: sisi tumezoea kuwa kibla ni kaskazini mpaka neno lenyewe kwa wazee wetu limekuwa jina la kaskazini. Doha kibla kiko magharibi, kimeinama kidogo kusini. Mtoto anayesali kwa mazoea ya kwao atakwenda upande mwengine kabisa, basi mwelekezeni.

Kwa mama aliyetuuliza: saa zenu 10 zinatosha. Iwe wakati wa kurudi kama mlivyopanga, kwani wakati wa kwenda moyo hauna nafasi ya kitu chengine. Mwambie binti aandike usiku wa kabla, kwenye karatasi, vitu vitano anavyotaka kuviona, na ampe baba yake aisome orodha. Akiona paa wa shaba yumo, wazungumze wenyewe wawili. Na muwe mmekwishatoka mlangoni saa nne kamili kabla ya ndege, hata kama kitu cha tano bado hamjakiona.

Wallahu a'lam.